Ensaiklopidia ya Falsafa ya Stanford kwa Msomaji wa Falsafa ya Sanaa: Tathmini

Anayetaka kujua wanafalsafa wamesema nini kuhusu sanaa hupata shida mapema ya kujua aanzie wapi. Maandiko ya asili ni mazito, vitabu vya kufundishia vimejaa muhtasari unaomaliza kila mjadala kabla msomaji hajaushika, na maelezo mafupi yanayosambaa mitandaoni huishia kurudia kwamba siku hizi kila kitu ni sanaa, kauli ambayo haijawahi kumsaidia mtu kuitazama kazi hata moja vizuri zaidi. Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia inayochapishwa kwenye intaneti tangu 1995 chini ya Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ndiyo huduma ninayompendekezea mtu huyo kabla ya nyingine yoyote. Ninaipendekeza kwa moyo wote, ila kuna jambo moja ninalotaka kulisisitiza: ensaiklopidia hii ina hoja nyingi na kesi chache, ilhali katika ulimwengu wa leo sanaa na falsafa hukutana kwenye kesi, pale ambapo mtu fulani, awe hakimu, mtunza makumbusho au mwendesha mnada, analazimika kuamua. Msomaji akizileta kesi mwenyewe, kurasa hizi humpa faida maradufu.

Nianze na huduma yenyewe. Inasomwa bure, haidai usajili na haina matangazo. Kila makala imeandikwa na mtaalamu anayetajwa kwa jina, ikapitiwa na wahariri wa uwanja husika kabla ya kuchapishwa, na mwandishi hubaki na wajibu wa kuihuisha kadiri mjadala unavyosonga mbele. Juu ya ukurasa ipo tarehe ya kuchapishwa mara ya kwanza na ile ya marekebisho makubwa ya mwisho. Chini yake kuna bibliografia ndefu na viungo vya makala zinazohusiana. Kwa kuwa makala hubadilika, matoleo huhifadhiwa mara 4 kwa mwaka, nayo hayaguswi tena, ili mwanafunzi anayenukuu leo asije akaambiwa baadaye kwamba alichonukuu hakipo. Wanachama wanaolipa ada hupata nakala za PDF zilizopangwa kwa uchapaji mzuri, lakini maneno ni yale yale anayoyasoma kila mtu. Lugha ni Kiingereza cha wasomi, na msomaji wa Kiswahili anapaswa kujiandaa kwa hilo: kurasa hizi hazisomwi kwa haraka.

Makala ya kuanzia ni ile ya ufafanuzi wa sanaa, iliyoandikwa na Thomas Adajian. Inafungua kwa uungwana wa kielimu ninaouheshimu sana, kwa kukiri kwamba kinachobishaniwa si maana ya sanaa peke yake, bali pia kama sanaa inaweza kufafanuliwa, na hata kama kuna faida yoyote katika kuifafanua. Kisha inapita kwa wakongwe. Plato aliiona sanaa kuwa mwigo wa vitu ambavyo navyo ni vivuli vya uhalisia. Kant, katika kazi yake ya 1790, alitafuta namna ambayo raha itokanayo na kitu kizuri inaweza kudai kukubaliwa na watu wote ingawa haina kanuni ya kuithibitisha. Baada ya hao inafika karne ya ishirini, na hapo ndipo inapopata nguvu zake zote. Mwaka 1956 Morris Weitz alidai kwamba sanaa haina sifa moja inayozifunga kazi zote pamoja, kwa sababu ni dhana iliyo wazi na kila kizazi huipanua. Mwaka 1964 Arthur Danto alisimama mbele ya masanduku ya msanii Andy Warhol, yaliyotengenezwa kwa mbao na kupakwa rangi hadi yakafanana na makatoni ya sabuni ya kusugulia ya Brillo, akauliza kwa nini haya ni sanaa na yale ya dukani si sanaa ilhali jicho halioni tofauti. Jibu lake lilikuwa kwamba tofauti haiko machoni: iko katika nadharia na historia inayokizunguka kitu. George Dickie alilichukua wazo hilo na kulifanya nadharia ya kitaasisi, ambayo kwayo kitu huwa sanaa kwa sababu ya nafasi kinachopewa ndani ya jamii ya wanasanaa, wahakiki, makumbusho na watazamaji.

Dhidi ya mkondo huo makala inaziweka nadharia za kiutendaji, zinazosema kwamba sanaa ni sanaa kwa kile inachokusudiwa kufanya, hasa kutoa tajiriba ya kiujumi, yaani ya kuhisi uzuri, na baada yake nadharia ya kundi la sifa, isiyodai sharti moja la lazima bali huorodhesha sifa nyingi ambazo kazi ya sanaa yaweza kuwa na baadhi yake. Kila kambi inapewa pingamizi zake kwa haki, bila mwandishi kumsukuma msomaji upande wowote. Huo ni ubora mkubwa. Hata hivyo, nilipoifunga makala mara ya kwanza nilibaki na hisia kwamba kambi hizi zinapigana kwenye uwanja usio na watu, na hisia hiyo ilinitoka tu nilipoileta mezani kesi ya ndege wa Brancusi.

Kesi yenyewe ni hii. Mwaka 1926 sanamu ya mchonga sanamu Constantin Brancusi iliwasili New York ikitoka Ufaransa, ikisindikizwa na msanii mwenzake Marcel Duchamp. Ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa hadi ikang'aa, ndefu, nyembamba, yenye mkunjo mmoja unaopanda juu. Jina lake lilitaja ndege, lakini haikuwa na kichwa, mabawa wala manyoya. Sheria ya forodha ya Marekani ilisamehe ushuru kwa sanamu halisi zilizo kazi za sanaa. Maofisa wa forodha waliitazama, wakakataa kuiita sanaa, wakaiweka katika kundi moja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na kudai ushuru wa asilimia 40. Walikuwa na msingi wa kisheria: uamuzi wa mahakama wa 1916 ulikuwa umetaka sanamu iige viumbe au vitu vya asili kwa uwiano wake wa kweli. Kwa maneno mengine, nadharia ya mwigo, ambayo wanafunzi wengi huidhani kuwa mabaki ya Ugiriki ya kale, ilikuwa hai bandarini New York, imevaa sare na kushika muhuri.

Brancusi alikwenda mahakamani. Waliitwa mashahidi kutoka ulimwengu wa sanaa, akiwemo mchonga sanamu Jacob Epstein, na mwaka 1928 mahakama ikampa ushindi. Kilichonivutia zaidi ni sababu zilizotolewa. Mahakama ilitambua kwamba kumezuka mtindo mpya wa sanaa unaojaribu kuonyesha mawazo badala ya kuiga vitu vya asili, na kwamba kitu hiki kimetengenezwa na mchonga sanamu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Hiyo ni hoja ya kitaasisi, iliyotolewa miongo kadhaa kabla ya Dickie. Lakini mahakama haikuishia hapo; ilisema pia kwamba sanamu hiyo ni nzuri, ina ulinganifu na inapendeza kuitazama. Hiyo ni hoja ya kiutendaji. Nadharia ambazo ensaiklopidia inazipanga kama mahasimu zilikaa katika hukumu moja bila kugombana, na aliyeziunganisha hakuwa mwanafalsafa aliyechanganyikiwa. Alikuwa hakimu mwenye kitu halisi mbele yake na wajibu wa kutoa jibu. Niliporudi kwenye sehemu inayoeleza nadharia ya kundi la sifa, ambayo mwanzoni niliiona kuwa maafikiano ya watu waliochoka kubishana, niliielewa kwa mara ya kwanza kuwa maelezo ya namna watu wanavyoamua kwa kweli.

Ninaichukulia hii kuwa sifa ya huduma, si upungufu peke yake. Maandishi yaliyopangwa kwa uangalifu kiasi hiki huvumilia kujaribiwa. Ukichukua kesi yoyote unayoifahamu na kuipitisha kwenye makala ya Adajian hatua kwa hatua, kila pingamizi lililotajwa hupata uzito, na utaona ni wapi nadharia inavunjika. Nadharia ya kitaasisi, kwa mfano, inaeleza vizuri kwa nini mashahidi wa Brancusi walisikilizwa, lakini haielezi kwa nini wao ndio waliostahili kusikilizwa na si maofisa wa forodha; ikisema ni kwa sababu wao ni watu wa sanaa, tumezunguka na kurudi tulipoanzia. Makala inalitaja pingamizi la mzunguko huu kwa lugha kavu. Kesi inalifanya liume.

Makala ya Crispin Sartwell kuhusu uzuri ni ya namna nyingine, na kwangu ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote. Inaanza na swali la zamani la kama uzuri uko ndani ya kitu au ndani ya anayekitazama, inapita kwenye dhana ya uwiano na ulinganifu, kisha kwenye uhusiano wa uzuri na shauku, kabla ya kugeukia siasa za uzuri: jinsi uzuri ulivyohusishwa na anasa za wenye nacho, jinsi ulivyotumika kuwapima wanawake, jinsi viwango vyake vilivyobebwa na ukoloni na ubaguzi wa rangi, na jinsi watu waliodharauliwa walivyoudai tena uzuri wao kama tendo la ukaidi. Sehemu hii ya mwisho inajibu swali la nafasi ya sanaa katika ulimwengu wa sasa vizuri kuliko makala nyingi zenye neno "sanaa" katika kichwa chake. Karne ya ishirini ilikuwa na wasanii na wanafalsafa wengi walioutilia shaka uzuri, na walikuwa na sababu; picha nzuri zilikuwa zimepamba mambo mabaya mno. Sartwell haifichi shaka hiyo, lakini pia haruhusu igeuke kuwa dharau, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu falsafa ya sanaa isiyoweza kuzungumza juu ya uzuri bila haya huwa imejikata mkono mmoja.

Makala za wanafalsafa mmoja mmoja sitazikalia sana. Ile ya Hannah Ginsborg kuhusu ujumi wa Kant ni kazi ya kitaalamu ya hali ya juu, lakini si mahali pa mgeni. Inaingia katika mabishano ya wafasiri kabla mgeni hajajua kinachofasiriwa. Zile za Hume na Hegel ni rahisi zaidi kuzifuata. Anayetaka kujua wazo la Walter Benjamin kwamba kunakili kwa mashine kunaiondolea kazi ya sanaa ule upekee wa kuwepo mahali pamoja na wakati mmoja, wazo la miaka ya 1930 linalotajwa kila siku katika mijadala ya picha za kidijitali, atalikuta ndani ya makala inayomhusu Benjamin.

Hapo ndipo ninapofikia lalamiko langu kuu, ambalo linahusu mpangilio. Swali la nafasi ya sanaa katika ulimwengu wa leo limetawanywa. Sehemu yake iko kwenye ufafanuzi, nyingine kwenye uzuri, nyingine kwa Benjamin na Adorno, nyingine kwenye falsafa ya sanaa ya kidijitali, nyingine kwenye maadili ya urithi wa kitamaduni. Hakuna anayekuambia kwamba mambo haya ni familia moja. Tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa sanaa ya nje ya Ulaya na Marekani. Ujumi wa Japani una makala yake, na ni nzuri. Lakini msomaji anayetafuta fikra za Kiafrika kuhusu sanaa anapaswa kujua kwamba sehemu muhimu imo katika makala ya Souleymane Bachir Diagne kuhusu Négritude, harakati ya waandishi weusi wa lugha ya Kifaransa, ambamo anaonyesha jinsi mshairi wa Senegal Léopold Sédar Senghor alivyoichukulia sanaa ya Afrika kuwa njia ya kufikiri, iliyojengwa juu ya mdundo na nguvu ya uhai, wala si malighafi ya kuwachochea wachoraji wa Paris. Ni miongoni mwa makala bora kabisa za ensaiklopidia nzima. Asiyejua aitafute huko anaweza kusoma makala ya ufafanuzi wa sanaa mwanzo hadi mwisho na asifikirie kuigeukia.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika kesi nyingine ambayo ninamshauri kila msomaji aibebe. Mwaka 1988, katika maonyesho yaliyoandaliwa na Susan Vogel kwenye kituo cha sanaa za Afrika mjini New York, uliwekwa wavu wa kuwindia wa Wazande, watu wa Afrika ya Kati, umefungwa kama bunda, peke yake ndani ya chumba cheupe, kama inavyowekwa kazi ya msanii wa kisasa. Watazamaji walishindwa kujua kama wanatazama sanaa au zana. Danto, yule yule wa masanduku ya Warhol, aliandika kwenye katalogi ya maonyesho hayo na kutetea mpaka: wavu ni zana, kwa kuwa maana yake inaishia kwenye matumizi yake, na kazi ya sanaa hubeba maana inayopita matumizi. Mwaka 1996 mwanaanthropolojia Alfred Gell alimjibu. Mtego, alisema, hubeba akili ya aliyeutengeneza pamoja na tabia ya mnyama anayengojewa. Ni wazo lililopewa umbo, na kama wazo lililopewa umbo ndilo tunalolitafuta kwenye sanaa ya kisasa, hatuna sababu ya kuunyima wavu jina hilo.

Ninamwona Gell kuwa na haki katika sehemu kubwa ya hoja, na nadhani Danto alisaliti wazo lake mwenyewe. Kama tofauti ya sanaa na kisicho sanaa haionekani kwa macho bali iko katika historia na fikra zinazokizunguka kitu, basi swali lililobaki ni historia ya nani na fikra za nani. Aliyekwisha kusoma makala ya Diagne anaingia katika ubishi huu akiwa na silaha. Aliyesoma ile ya ufafanuzi peke yake ataingia akidhani kwamba ulimwengu wa sanaa ni mmoja na makao yake yanajulikana.

Kuhusu sanaa ya kidijitali, ensaiklopidia ina makala yenye maswali ya msingi juu ya kazi zisizo na nakala moja ya asili, na kazi ambazo mtazamaji hushiriki kuzitengeneza kwa vitendo vyake. Ni mahali pazuri pa kujiandaa kwa mjadala wa akili mnemba, ingawa mjadala huo unakimbia kuliko uhariri wa kitaaluma unavyoweza kukimbia, na sioni kuwa ni kosa. Mwezi wa Oktoba 2018 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza kwa dola 432,500 picha ya mtu mwenye uso uliofifia, iliyotengenezwa kwa programu na kundi la Kifaransa liitwalo Obvious, na mahali pa saini pakiwa pamewekwa sehemu ya fomula ya kihisabati. Yeyote aliyesoma kuhusu nadharia ya usemaji wa hisia, ile inayoiona sanaa kuwa njia ya mtu kufikisha au kuzifafanua hisia zake, atauliza mara moja hisia za nani zimo humo. Wa nadharia ya kitaasisi atasema mnada umekwisha kujibu. Mimi naona mnada ulijibu swali la bei tu, na kwamba fomula iliyowekwa mahali pa saini ilikuwa njia ya kuficha watu: waliochagua picha za kuifundishia programu, walioandika programu yenyewe, na wachoraji wa karne zilizopita ambao kazi zao zilitumika kuwa mafunzo. Falsafa nzuri ya sanaa huwarudisha watu hao kwenye mazungumzo.

Makala ya Yuriko Saito kuhusu ujumi wa maisha ya kila siku inastahili kutajwa kwa sababu inatoka nje ya makumbusho kabisa. Inazungumzia kazi za nyumbani, hali ya hewa, mpangilio wa vitu tunavyovitumia, na inaonyesha kwamba upendeleo wetu wa macho huamua kwa kiasi kikubwa tunachonunua, tunachotupa na mandhari tunayotaka kuyalinda. Baada ya mabishano ya masanduku na nyavu, ni makala inayompumzisha msomaji bila kumdanganya.

Upungufu mwingine ni picha. Falsafa ya sanaa inaandikwa hapa kwa maandishi karibu matupu, na msomaji ambaye hajawahi kuuona ule mkunjo wa shaba wa Brancusi au uso wa sanduku la Warhol atajadili mambo asiyoyajua. Haki miliki za picha bila shaka ni kikwazo, lakini hata kiungo cha kupeleka kwenye tovuti ya makumbusho husika kingesaidia. Ninashauri kusoma ukiwa na dirisha la pili limefunguliwa, na kutoendelea na aya inayotaja kazi fulani kabla ya kuitazama kazi hiyo kwa utulivu.

Kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa sanaa, mwandishi wa uhakiki, na msanii anayetaka kujua kwa nini watu wanabishana juu ya kazi yake, sioni huduma ya bure inayoikaribia hii. Mtu ambaye hajazoea maandishi ya kifalsafa aanze na Sartwell, aende kwa Saito, kisha Diagne, na ndipo arudi kwa Adajian akiwa na kesi mbili au tatu alizozichagua mwenyewe, Kant angoje. Anayeandika tasnifu achukue kiungo cha toleo lililohifadhiwa, si cha ukurasa wa leo, na aandike msimu na mwaka wa toleo hilo pembeni ya kila nukuu.